BREKI ZISIZO NA ASBESTO: ZINATENGENEZWAJE, ZINAPIMWAJE, NA FUNDI WAKO ANAPULIZA NINI?

Kuna mdau aliuliza kwenye maoni ya posti iliyopita: ukienda duka la spea ukawekewa breki pedi za bei tatu mezani, tofauti yake ni nini hasa? Na yale maandishi ya "haina asbesto" kwenye boksi yana maana gani? Nikaanza kumjibu kule kule chini, nikaona jibu linazidi posti yenyewe kwa urefu. Basi nalileta hapa mbele. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, soma kwanza sehemu ya herufi na ile ya gereji, mengine utarudi nayo kesho.

Mimi ni mtu wa Nyakunguru, Tarime, jirani na Nyamongo. Kabla sijazoea kompyuta nilikuwa utingo wa Fuso, tunapakia ndizi huku juu tunashusha Nyamongo. Siku moja tumejaza kupita kiasi (ndiyo, nakiri), dereva akashuka mteremko mguu uko juu ya breki muda wote badala ya kuweka gia nzito. Ikaanza harufu, kama plastiki na nywele zinaungua kwa pamoja. Nikamwambia, "Mzee, breki zinanuka." Akanijibu, "Dogo, tulia, barabara naiona." Haikupita dakika akakanyaga, gari likaendelea kwenda tu. Tulisimama kwa kuliegemeza kwenye ukingo wa barabara. Ndizi zilimwagika, watu tulibaki wazima.

Kesho yake gereji, fundi akafungua dramu, akainama, akavuta pumzi, akapuliza. Vumbi la kijivu likatufunika wote wawili. Nikakohoa, akacheka. Akabandua lainingi za zamani kwa patasi, akafunga mpya kwa ribiti, kisha akazisugua kwa tupa mpaka zikakaa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika breki shuu, na vumbi nililipangusa kwa shati ambalo nililala nalo usiku ule. Boksi la lainingi mpya lilikuwa na namba ya saizi tu.

Kwa wasioelewa maneno ya gereji: lainingi ni lile tabaka gumu linalofungwa juu ya breki shuu, yaani vile vipande viwili vilivyojikunja ndani ya dramu. Kwenye magurudumu yenye diski kazi hiyo hiyo inafanywa na breki pedi. Michomoko yetu, zile Probox, zina diski mbele na dramu nyuma. Kote huko kitu kinachosimamisha gari ni tabaka la unene wa kidole kimoja, na kuhusu tabaka hilo kuna maswali mawili tu ya maana: likichemka linashika? Na likisagika linatoa nini?

Tuanze na kuchemka. Breki haifuti mwendo, inaugeuza kuwa joto. Chukua Fuso yenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo, ishushe mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 6. Hapo imeshuka mita 360 kwa wima. Piga hesabu ya fizikia ya sekondari: tani 10 mara 9.8 mara 360, unapata megajuli 35 na kidogo. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 105 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Nusu pipa la maji! Sehemu fulani inabebwa na upepo na injini kama umeweka gia nzito. Ukiweka gia huru, karibu yote inaingia kwenye dramu na zile lainingi.

Sasa ndiyo utaelewa kwa nini dunia iliipenda asbesto. Mwingereza Herbert Frood alianzisha biashara yake ya breki mwaka 1897, enzi za magari ya farasi. (Kampuni ni Ferodo. Jina ni herufi za Frood zilizochanganywa na kuongezwa E ya mkewe, Elizabeth. Mume mwenye adabu.) Breki zake za mwanzo zilikuwa vitambaa vya pamba vilivyoshindiliwa kwa gundi, na pamba ikikaribia nyuzi 150 inaanza kuungua. Magari ya injini yalipokuja, pamba haikufua dafu. Kuanzia mwaka 1908 Frood akahamia kwenye asbesto, dunia nzima ikamfuata. Ni jiwe, lakini jiwe lenye nyuzi unazoweza kusokota kama pamba. Haliungui, linashikana vizuri na gundi, na lilikuwa bei ya kutupa. Kwa miaka mingi lainingi ya kawaida ilikuwa na asbesto karibu nusu ya uzito wake.

Ubaya ni nyuzi hizo hizo. Zinapasuka kwa urefu mpaka zinakuwa nyembamba zisizoonekana kwa macho, ukizivuta zinakaa kwenye mapafu na mwili hauna namna ya kuzimaliza. Zinaleta makovu ya mapafu, kansa ya mapafu, na kansa ya utando unaozunguka mapafu, ambayo hutokea mara nyingi miaka 20 hadi 50 baada ya kuvuta vumbi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto kazini inaua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka duniani.

Hapa lazima niwe mkweli, maana najua kuna wadau wataleta ubishi. Joto kali la breki linabadilisha sehemu kubwa ya asbesto iliyosagika kuwa madini mengine, na wanasayansi wamebishana miaka kuhusu ukubwa wa hatari kwa mafundi wa breki. Lakini si nyuzi zote zinazobadilika. Halafu fundi anapopiga tupa lainingi MPYA, ile haijapata joto lolote, nyuzi ziko zima kama zilivyochimbwa. Mimi naogopa zaidi ile tupa kuliko safari nzima ya barabarani.

Nchi zikaanza kufunga milango moja baada ya nyingine. Uingereza 1999, Australia mwisho wa 2003, Japani ikakataza kwenye breki na bidhaa nyingine kadhaa Oktoba 2004, Umoja wa Ulaya wote 1 Januari 2005, Afrika Kusini 2008. Marekani ni kichekesho: walipiga marufuku 1989, mahakama ikaitengua sehemu kubwa 1991, mpaka Machi 2024 ndipo ikapitishwa kanuni ya kukataza asbesto nyeupe, breki zikiwamo. Kwetu sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani, tarehe ya Japani ndiyo muhimu. Gari lililotengenezwa kule baada ya hapo lilitoka kiwandani na pedi safi. Swali ni zile ulizofunga baadaye wewe mwenyewe.

Na usidhani ukisoma tu kwenye karatasi umemaliza. Mwaka 2012 Australia iliita magari kama 23,000 ya Great Wall na Chery kwa sababu gasketi za injini na ekzosi zilikutwa na asbesto, wakati nchi ilishakataza miaka tisa nyuma. Kwa macho huwezi kuijua asbesto. Inatambuliwa maabara, chini ya darubini maalumu. Fundi anayekuambia "hii naijua kwa rangi" anakudanganya, ingawa pengine mwenyewe haamini kwamba anadanganya.

KINACHOWEKWA BADALA YAKE

Hakuna kitu kimoja kilichochukua nafasi ya asbesto. Ndiyo maana kazi ya kuiondoa ilichukua muda. Asbesto ilifanya kazi nne peke yake, sasa inabidi uajiri wafanyakazi wanne. Pedi ya leo ina vitu kumi, hata ishirini. Kuna gundi ya kushika vyote, mara nyingi ya fenoli. Kuna nyuzi za kutia nguvu: pamba ya chuma, nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, au aramidi, jamii ya Kevlar, ile ya fulana za kuzuia risasi. Kuna grafaiti ya kulainisha, chembe ngumu za kukwaruza ili pedi ing'ate, bariti ya kujazia. Vyote vinachanganywa vikavu, vinashindiliwa kwenye umbo, kisha vinabanwa kwa joto la nyuzi 150 hivi huku presi ikiachiwa kidogo mara kadhaa ili gesi itoke. Baadaye vinakaa kwenye oveni masaa kadhaa. Ukiharakisha hatua ya gesi, pedi inabaki na mapovu ndani na siku ikichemka inapasuka. Shaba nayo ilitumika sana, ila imepunguzwa: California ilipitisha sheria mwaka 2010 kwa sababu vumbi lake linaingia mitoni na kudhuru samaki.

Kiungo ninachotaka tukizungumze sisi kama sisi ni kimoja: KOROSHO. Ganda la korosho lina mafuta mazito ya kahawia yanayochoma ngozi, muulize mama yeyote wa Mtwara au Lindi aliyebangua kwa mkono. Mmarekani Mortimer Harvey alianza kuyafanyia kazi mafuta hayo miaka ya 1920. Ukiyapika, tindikali yake inageuka kuwa kitu kinachoitwa kadanoli, ambacho kikichanganywa na formalini kinaganda kuwa kama mpira mgumu. Unausaga, unapata unga. Unga huo unaingia kwenye breki pedi duniani kote mpaka leo. Unafanya pedi isiwe ngumu kupita kiasi, ipunguze kelele, na msuguano wake usiyumbe joto likipanda.

Sasa fikiria. Tanzania tumekuwa tukiuza sehemu kubwa ya korosho yetu ghafi India na Vietnam, ganda likiwa juu yake. Ganda linabaki kule, mafuta yanakamuliwa kule, na India kuna viwanda vinavyotengeneza huo unga wa breki. Kwa hiyo kitu kinachosimamisha gari Nyamongo kinaweza kuwa kilianzia kwenye mti wa Newala, kikazunguka bahari, tukakinunua tena dukani kwa bei ya spea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wakemia waliotafiti mafuta ya ganda la korosho kwa miaka, Profesa Egid Mubofu akiwa mmoja wao, kwa hiyo elimu ipo nyumbani.

Mkonge nao umo. Mwaka 2007 watafiti wa China walichapisha kwenye jarida la Wear majaribio ya breki zilizotiwa nyuzi za mkonge kwenye gundi, na wakaona mkonge unaweza kushika nafasi ya asbesto. Nigeria wamekwenda mbali zaidi kwa majaribio ya takataka za shamba: Ibhadode na Dagwa walitumia maganda ya kokwa za mawese (2008), wengine wakatumia makapi ya miwa (2010), na mwaka 2015 Idris na wenzake wakatumia maganda ya NDIZI, mabichi kwa yaliyochomwa kuwa mkaa. Mtu wa Tarime ukisoma hiyo lazima ucheke, maana kwetu maganda ya ndizi ni chakula cha mbuzi.

Lakini msikimbilie kuanika maganda. Nyuzi za mimea zinaanza kuharibika kati ya nyuzi 200 na 300, na breki ya lori mteremkoni inafika huko bila shida. Tafiti nyingi za aina hii huishia kwenye mashine ndogo ya maabara, kijipande cha pedi kinasuguliwa kwenye sahani inayozunguka kwa mwendo mmoja. Ni mwanzo mzuri. Fuso yenye ndizi ni kitu kingine.

KUPIMA

Pedi mpya inaanza kupimwa ikiwa imelala mezani: uzito kwa ujazo, ugumu, inafyonza maji au mafuta kiasi gani, inavimba kiasi gani ikipata joto, na inahitaji nguvu kiasi gani kung'oka kwenye bati lake la chuma. Hicho cha mwisho watu wanakidharau. Pedi iliyong'oka kwenye bati ni chuma kwa chuma.

Halafu inasuguliwa. Kipimo cha Kimarekani kinachoitwa SAE J661 kinachukua kipande cha inchi moja kwa inchi moja kutoka kwenye pedi, kinakibana kwenye dramu inayozunguka, joto linapandishwa na kushushwa kwa hatua, kila hatua wanasoma namba ya msuguano. Humo ndimo zinatoka zile herufi mbili zilizopigwa ubavuni mwa pedi yako. Ya kwanza ni msuguano wa kawaida, kati ya nyuzi 93 na 204. Ya pili ni wa moto, mpaka nyuzi 340 hivi. Maana yake ni hii: D ni 0.15 hadi 0.25, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, na H ni zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ukikuta FF, pedi inashika karibu sawa ikiwa ya kawaida na ikiwa ya moto. Ukikuta FE, ikichemka inalegea. Kulegea huko si maneno: namba ikishuka kutoka 0.40 hadi 0.30 na mguu wako unakanyaga kwa nguvu ile ile, gari lililokuwa linasimama kwa mita 30 linataka mita 40. Pima mita kumi hapo nje ya kafe uone ni watu wangapi wanaweza kusimama humo. Na usinunue G kwa sababu tu ni kubwa. Gari lilipangiwa kiasi fulani mbele na nyuma, ukizidisha nyuma linaseleleka. Ukiweka aina moja kushoto na nyingine kulia, litavuta upande siku ya mvua.

Herufi hazisemi kama pedi itadumu, wala hazisemi kama ina asbesto. Hayo ni maswali mengine. Kipimo chenye uzito zaidi ni cha breki nzima. Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa inasema wazi kwamba lainingi zisiwe na asbesto, kisha inaweka majaribio ya joto. Gari dogo la abiria hufungiwa breki mara 15, kila baada ya sekunde 45, halafu ikiwa bado moto isishuke chini ya asilimia 60 ya uwezo iliyouonyesha ikiwa baridi. Kwa magari makubwa kuna jaribio la mteremko: gari lililojaa, kilomita 30 kwa saa, mteremko wa asilimia 6, kwa kilomita 6. Ndiyo, ile hesabu yangu ya nusu pipa la maji niliichukua hapo. Na kwenye jaribio hilo gari liko kwenye gia, injini inasaidia. Hata waliotunga kanuni hawakutegemea breki peke yake!

Ndiyo maana nasema kama mtu wa Bongo anataka kutengeneza pedi za korosho na mkonge, presi na oveni si shida, zinapatikana. Shida ni mashine ya kupimia breki nzima yenye gurudumu zito linalozunguka badala ya gari, kisha mtu wa kukaa nayo mwaka mzima akivunja pedi zake mwenyewe. Viwango vya bidhaa ni kazi ya TBS, magari wanayajua Nyumbu kule Kibaha, kemia iko Mlimani. Ningefurahi siku moja kuwaona wote watatu kwenye meza moja.

GEREJI KWAKO

Kwa wadau mlioko gereji, wengi mkiwa vijana wa kushika taa na kuleta spana kama nilivyokuwa mimi. Fanya kila pedi na kila lainingi ya zamani kama ina asbesto, maana huna darubini. Usipulize kwa mdomo, usipulize kwa kompresa, usipige brashi kavu. Weka beseni chini ya dramu, mwagia maji yenye sabuni taratibu, lowesha, pangusa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kiingie kwenye mfuko na ufungwe. Lainingi haikai vizuri? Tafuta ya saizi yake. Kama hakuna namna ila tupa, ilowanishe kwanza na fanyia nje, watu wakae mbali. Kitambaa cha kufunga mdomo hakizuii nyuzi hizi, zinapita. Nguo za kazi zisilale kitandani na zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Fundi mmoja nilimwambia haya akaniuliza, "Maji kwenye breki, mdogo wangu? Si itateleza?" Itateleza kwa dakika moja. Unaikausha, unatembeza gari polepole ukigusa breki mara kadhaa, inashika.

Na kwa mnunuzi: mwambie muuzaji akutolee pedi kwenye boksi, boksi lisikudanganye. Geuza ubavu. Tafuta jina au alama ya aliyetengeneza, namba ya mchanganyiko, na herufi mbili. Ubavu ukiwa mtupu kabisa, mimi narudisha mezani.

Wadau wa Nyamongo, Sirari, Mugumu na kwingineko: mkibadilisha pedi wiki hii, lowesha zile za zamani, pangusa, soma ubavuni, kisha andika hapo chini umekuta herufi gani, ni gari gani, na zimetembea kilomita ngapi kabla hazijaisha. Zangu za sasa ni FF.